Makadirio Hayakosei

Kazi yake ilikuwa kukadiria nyumba za watu: mifuko ya saruji, mabati, misumari, hata jasho la mafundi alilipigia hesabu. Mtaani walimwita Makadirio, naye jina alilipenda, maana kuna watu wakitaniwa hudhani wamesifiwa. Kwa hiyo alipohamia nyumba mpya ya kupanga, usitegemee angenunua umeme hivi hivi kama wewe na mimi.

Kabla hata godoro la mwisho halijashushwa garini, alizunguka chumba hadi chumba akiandika. Pasi, Jumapili tu. Runinga, taarifa ya habari na mpira, basi. Maji ya moto ya kuoga alipiga marufuku. Watu wazima hawaogi chai, alisema. Alipofika chumba cha mama yake mzazi, ambaye ndiyo kwanza ameletwa kuishi nao, alichungulia, akaona kitanda na taa, akaandika sifuri. Mama kakulia kwenye kibatari, alisema, umeme ataujulia wapi? Kisha akatangaza kuwa uniti alizonunua zitafika mwisho wa mwezi, na chochote kitakachoharibu hesabu kitatoka nyumbani humo.

Mle ndani kulikuwa na kitu kimoja kikubwa kisicho na mtetezi, nacho ni friza la mkewe. Humo aligandisha barafu na juisi, akauza dirishani, na watoto wakavaa viatu. Friza likitoka, angerudi kuomba hela ya sabuni, na kwa mume yule hata povu lingekadiriwa.

Uniti ziliisha mwezi haujafika nusu. Makadirio hakushtuka, mtu wa aina yake hakosei, hukosewa. Akanunua tena, zikayeyuka tena. Ni friza, akasema. Mkewe alimkumbusha kwamba friza lilikuwemo kwenye hesabu, tena aliliandika mwenyewe, lakini maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Na aliyelipigilia msumari friza la watu alikuwa mama mkwe. Kila jioni alitikisa kichwa, akilalamika kwamba dude lile linakunywa umeme kama ng'ombe kisimani, na kwamba wanawake wa siku hizi hawana huruma na waume zao. Jamani, mama yule alikuwa na ulimi.

Jumamosi wakaja wapagazi wawili na mkokoteni, kwani mnunuzi alishapatikana. Mke alitoa barafu zake moja moja akazipanga kwenye beseni, machozi yakimlengalenga. Makadirio, ambaye hajui kushinda bila kushangiliwa, akamwita na jirani wa chini aje ashuhudie. Aliwaonyesha taa ya mita, jinsi ilivyokuwa ikikonyeza mfululizo, akawaambia kwamba friza likichomolewa tu, itatulia.

Akachomoa. Taa ikaendelea kukonyeza. Akazima runinga, akachomoa redio, akazima taa zote mpaka ya chooni. Taa ya mita wala haikujali. Hapo akapandwa na mori, akaanza kumtukana mwenye nyumba, kwamba bila shaka amevuta waya kwa wizi na kuunganisha pampu yake ya maji. Jirani aliuliza taratibu kama vyumba vyote vimeshazimwa. Makadirio akasema kimebaki cha Mama, na humo hamna kitu.

Mkewe ndiye aliyesukuma mlango. Mvuke ukawapokea. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni, na kando yake ndoo ya maji yanayotokota, koili ya kuchemshia imezama ndani na waya wake umefichwa chini ya mkeka.

"Magoti yananiuma, mwanangu," alisema. "Ulipiga marufuku maji ya moto, nami sikutaka kukusumbua."

Mkewe hakucheka, ingawa Mungu anajua alivyojizuia. Alimtazama mama mkwe, naye mama mkwe akajitia kuhesabu vidole vya miguu majini. Habari za friza hakuzigusa tena.

"Mume wangu," mke alisema, "si ulisema kinachoharibu hesabu kinatoka?"

Wapagazi walishachoka kusimama. Mkubwa wao akajikuna shingo, akalitazama friza, akamtazama mama na beseni lake.

"Bosi," aliuliza, "sasa tubebe kipi?"