Gia za Kiwanda cha Mablanketi

Lori lilikuwa limeshapita getini, turubai limekazwa kwa kamba. Chini yake kulikuwa na mashine mbili za kufuma, na waliozitengeneza walikuwa wamepangana ukutani wakizitazama zikienda. Bi Nyuzi alimeza vumbi, hakukohoa. Jina hilo alipewa na wenzake, kwa sababu hakupata kurudi nyumbani bila uzi kichwani.

"Zinapelekwa kusafishwa?" aliuliza Grisi, mzee wa kupaka mashine mafuta.

"Zinakwenda kuuzwa ng'ambo, Grisi. Tumechimbiwa kaburi, na jembe tumeleta wenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wakati wa vita, Kamanda alipokuja na vijana wake kupora kiwanda, alikuta mashine hazina gia. Wafanyakazi walishazifungua, kila mtu kaondoka na yake. Moja ikawa ya kuzuia mlango usipigwe na upepo, nyingine ikalala ndani ya gunia la mkaa, ya Grisi ikafukiwa chini ya kitanda. Kamanda akatoboa paa kwa risasi, akaondoka na viti vya ofisini.

Vita vikaisha. Wakaja wataalamu wa mikopo, wakasema serikali iache kufuma mablanketi, soko litajua la kufanya. Soko likajua. Nani ana fedha baada ya vita kama si aliyepora vitani? Kamanda akanunua kiwanda kwa bei ya mbuzi mgonjwa. Akaja na suti, akaahidi kwamba atakayerudisha gia ana kazi. Njaa haina kinyongo. Watu wakarudisha, wakafunga, wakapaka mafuta, mashine zikaunguruma. Walidhani wamepata, kumbe wamepatikana: mashine mbovu huuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, nzima huuzwa kama mashine. Bi Nyuzi peke yake hakurudisha ya kwake.

Mdogo wake, ofisa katika ofisi ya kuuza mali za umma, alimkuta palepale ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisalimu au kunikagua?"

"Ndani zimebaki mashine nne. Tatu ziko tayari, ya nne haina gia, na kila mtu anasema unayo wewe. Ilete, dada, yaishe."

"Nikiileta, itafuma hapa?"

Ofisa akatazama viatu vyake. "Mali ni yake. Soko huria ndivyo lilivyo. Akiuza analipa kodi, kodi inajenga nchi."

"Alipokuja na bunduki, wewe ulikuwa uvunguni mwa kitanda changu, meno yanagongana. Leo kaja na karatasi, wewe ndiye unayemfungulia mlango."

"Vita vimekwisha, dada!"

"Kwake vimekwisha. Ameshinda."

"Huo ni wizi. Watakufunga."

"Na wanifunge. Huko watanipa blanketi la bure. Wewe utanunua la ng'ambo."

Akamwacha hapo, akachukua spana, akaingia kiwandani. Mlinzi akauliza wanakwenda wapi, maana wafanyakazi wote walikuwa wanamfuata Bi Nyuzi.

"Kuzipaka mafuta ya safari," alijibu Grisi.

Bi Nyuzi akapiga magoti kando ya mashine ya kwanza, akaanza kufungua boliti.

"Mchana huu?" Grisi alinong'ona. "Watu wote wanaona!"

"Wezi ndio wanaosubiri giza. Shika hapa."

Wakafungua. Wakatoka na gia vichwani na mabegani, hawakufunika hata moja. Kamanda alikuwa ameshateremka garini.

"Mnapeleka wapi mali yangu?"

"Kulekule ilikokuwa ulipokuja mara ya kwanza," alisema Bi Nyuzi.

Mkono wa Kamanda ukaenda kiunoni kwa mazoea. Ukakuta mkanda tu. "Mlinzi! Funga geti!"

Mlinzi, ambaye shangazi yake alikuwa amebeba gia kichwani, aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mdogo wake Bi Nyuzi akasimama katikati ya njia, mikono ameipanua. Dada yake hakupunguza mwendo. Alipobakisha hatua chache, kijana akapisha.

Bi Nyuzi alifungwa. Hakusema gia ziko wapi, na alipotoka hakuna aliyemuuliza tena. Mnunuzi wa ng'ambo alizikataa zile mashine nne. Bado zimo ndani. Mbili za kwanza zinafuma huko zilikokwenda. Grisi alikufa kwa pumu. Gia yake inapakwa mafuta na binti yake. Wafanyakazi wengine walitawanyika, wawili hawazungumzi na Bi Nyuzi kwa sababu ya kazi waliyoahidiwa. Mlinzi alifukuzwa, anachoma matofali. Kamanda aligombea ubunge, akapita. Ofisa alihamishiwa mbali. Humtumia dada yake sukari, naye huipokea. Bi Nyuzi anafuma sweta za shule kwa mkono.