Mashine Yenye Alama ya Sikio

Kompyuta ya Sabina ilichukua dakika ishirini kuwaka, na Sabina alikwisha kuzoea kuzitumia dakika hizo. Alibonyeza swichi, akafagia, akamwaga maji kibarazani kulaza vumbi la barabara, akachemsha chai ya tangawizi na kuinywa yote. Aliporudi mezani kioo kilikuwa bado kinafikiria. Duka lake la steshenari lilikuwa Karatu mjini, mlango wa tatu kutoka kwa muuza mabuti, lenye printa moja, mashine moja ya fotokopi na benchi la wateja. Kwa miaka tisa ndilo lililomlisha yeye na mama yake, na ndilo lililomsomesha binti yake, Selestina, aliyekuwa kidato cha tatu akiishi na bibi yake huko bondeni, upande wa Ziwa Eyasi.

Mwezi huo alipewa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio ya shule saba. Mwalimu Josephati, aliyekuwa akiikusanya, alikuja Jumatatu asubuhi na hakuzunguka.

"Mama Sele, ni Ijumaa ya wiki ijayo. Ukichelewa naipeleka kwa yule wa stendi mwenye mashine mpya. Na ikishaenda huko hairudi hapa, nisikudanganye."

Fundi Clemensi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua kasha la kompyuta kwa bisibisi, akapuliza vumbi, akasema mashine haina ugonjwa, ina uzee tu. Iwekewe RAM kubwa, ile kumbukumbu ya mashine, na diski ya kisasa, itakimbia. Kwa Karatu vitu hivyo havikuwepo wiki hiyo.

"Tafuta mtandaoni, mama," alisema. "Ila fungua macho. Huko kuna kila aina ya watu."

Sabina alitafuta kwa siku mbili. Duka la kwanza lilikuwa Uchina: picha nzuri, bei nzuri, mzigo siku arobaini. Siku arobaini mitihani ingekuwa imeshasahihishwa na watoto wameshachapwa. La pili lilikuwa Kariakoo, na kila alichouliza aliambiwa apige simu, akipiga simu haipokelewi. La tatu lilikuwa ukurasa wa Arusha usio na jina la mtu. Picha zake zilipigwa sakafuni, na wateja kumi na saba walikuwa wameusifu kwa maneno yaleyale, hata makosa yaleyale. Bei ilikuwa nusu ya kwingine, na mzigo ungefika kesho yake kwa basi.

Alipofungua picha ya RAM, nzi wawili walitoka kwenye simu. Akawapunga. Alipofungua picha ya diski walitoka wengine wengi, pamoja na harufu ya zizi lililonyeshewa. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri fotokopi ya cheti cha kuzaliwa alikifunika cheti chake kwa khanga, akasema mwaka huu nzi wamezidi.

"Imetumika?" Sabina aliandika.

"Kidogo sana dada angu. Ilikuwa ya ofisi, safi kabisa," muuzaji alijibu.

"Ofisi gani?"

Ujumbe ulionekana kuwa umesomwa, lakini jibu halikuja. Sabina hakuwa mtoto. Alijua maana ya muuzaji kunyamaza. Alijua pia Ijumaa ni lini. Akalipa kwa simu, akarudi kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mzigo ulifika ukiwa na joto kidogo, na Clemensi akasema ni injini ya basi. Alivifunga vipande vyote viwili, Sabina akabonyeza swichi, na kioo kikawaka kabla hajaondoa kidole. Siku hiyo alichapa mtihani mzima wa hisabati, michoro na yote, kabla ya saa sita mchana. Alifurahi mpaka akamnunulia Clemensi soda mbili.

Saa kumi na moja jioni, wakati mifugo inaporudi nyumbani, kasha la kompyuta lilijigeuza juu ya meza. Liligeuka taratibu mpaka likaelekea kaskazini, upande wa lango la hifadhi, kisha likaanza kuvuta. Nyaya zikakaza, kibodi ikaanguka. Sabina akaligeuza, nalo likageuka tena. Clemensi alipopigiwa simu alisema hajawahi kukutana na hitilafu hiyo kwa RAM za aina ile, akashauri kamba. Sabina alinunua mita mbili za katani na kulifunga kwenye mguu wa meza. Kuanzia siku ya pili yangeyange wawili, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, walikuwa wakija kutua juu ya kasha, na kila asubuhi kulikuwa na maziwa kidogo chini ya meza, ambayo paka wa muuza mabuti aliyalamba. Kazi ilikwenda vizuri.

Jumapili Selestina alipiga simu akihema kwa furaha. Shule yao nayo ilikuwa imepata kompyuta, kumi na mbili. Kila mzazi alitoa gunia la vitunguu; bibi yake alitoa mawili, la kwake na la Sabina.

"Mama, nimeandika jina langu lote bila kutazama vidole!"

"Hongera, mwanangu. Utaninyang'anya duka," Sabina alisema, na moyo ulimjaa.

Siku ya mnada aliingia mzee Kimaren, mwenye shuka nyekundu na koti la baridi juu yake. Alikuwa ametoka kijijini kwao, nyuma ya milima ya Loliondo, kuuza dume moja, na alitaka fotokopi ya kitambulisho. Alipotoa salamu kasha la kompyuta lilitoa sauti, sauti ya ndama aliyemsikia mchungaji wake mlangoni. Yangeyange walisogea kidogo, wakatulia.

"Shikamoo, mzee," alisema Sabina.

"Marahaba, mama. Hii mashine ni ya kwetu."

"Nimeinunua, mzee. Malipo yapo kwenye simu."

"Sibishi. Wewe fungua tu nikuonyeshe sikio."

Sabina alichukua bisibisi mwenyewe. Kwenye kipande cha RAM, mbali na pengo linalotoka kiwandani, palikuwa na jingine kwenye pembe, limekatwa kwa kisu, lenye ncha kama mkia wa mbayuwayu. Diski nayo ilikatwa vivyo hivyo. Mzee Kimaren alipapasa zile pembe kwa kidole gumba, kwanza moja, kisha nyingine.

Kisha akaeleza. Mwaka juzi kila boma kijijini lilitoa ng'ombe mmoja. Wakauzwa, zikanunuliwa kompyuta ishirini za shule ya sekondari, kwa sababu watoto walikuwa wakijifunza kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye boksi la sabuni. Siku kompyuta zilipofika, wazee walisema mali iliyotokana na ng'ombe wa watu haiingii kijijini bila alama. Akina mama wakazinyunyizia maziwa. Kimaren, ambaye ndiye hukata masikio ya ndama wa ukoo, alizifungua moja moja na kuzikata ndani, pembeni, pasipo na kazi. Mwalimu wa kompyuta alikataa kwanza. Baadaye ndiye aliyemshikia tochi na kumwonyesha pa kukata. Watoto wakasoma muhula mmoja. Kisha likaja gari jeupe lenye maandishi mlangoni, na vijana wenye vitambulisho shingoni. Walisema mashine zimeingia virusi, wanazipeleka kusafishwa, na Jumatatu zitarudi.

"Jumatatu ya lini hawakusema," alisema Kimaren. "Na sisi hatukuuliza."

"Hamkuripoti?"

"Nilikwenda. Afande akaniuliza namba ya mashine, ile ndefu ya nyuma. Hiyo hatukuandika, mama. Nikamwambia alama ipo. Akasema alama ya sikio ni ushahidi wa ng'ombe, siyo wa kompyuta. Nikamwambia hizi zilikuwa ng'ombe. Akaandika hilo kwenye daftari, akafunga daftari."

Sabina alitazama kalenda ukutani. Ilikuwa imebaki mitihani mitatu.

"Mzee, nakuomba. Nipe mpaka Ijumaa. Ni mitihani ya watoto."

"Hata wa kwangu wana mtihani," Kimaren alisema, bila ukali. Akafikiri kidogo. "Haya. Nitalala kwa mdogo wangu hapa mjini. Ijumaa nitakuja."

Ijumaa mitihani yote saba ilikuwa mezani, imenyooka, haina kosa. Mwalimu Josephati alifurahi, na papo hapo akatoa mkobani kazi nyingine, ya kidato cha pili. Mzee Kimaren alipofika alikuta kamba imefupishwa. Sabina aliona aibu kweli, na kwa aibu hiyo alimwekea chai na maandazi mawili. Akamwambia mnada ujao. Mnada ulipofika akamwambia mwisho wa mwezi. Alijua anachofanya. Kila alipotaka kuchukua bisibisi aliona ada ya Selestina, aliona kodi ya duka, aliona yule wa stendi akicheka, akaiacha bisibisi kwenye droo.

Mzee hakugomba. Angegomba, Sabina angepata pa kushika. Alikuja tu kila mnada, akaketi kwenye benchi, akalipapasa kasha, likamlilia kwa sauti ya chini. Naye alikuwa akiliambia neno kwa Kimaa kabla ya kuondoka. Siku moja Sabina alimuuliza analiambia nini.

"Naliambia kwamba wenzake bado sijawapata."

Kazi zikaongezeka. Mwishoni mwa muhula Sabina aliona RAM moja haitoshi, akaufungua tena ule ukurasa wa Arusha. Alishajaribu kwingine, Mungu ni shahidi, lakini bei ni bei. Ilikuwa siku ya mnada, na mzee Kimaren alikuwa kwenye benchi na kikombe chake. Muuzaji alikuwa ameweka picha mpya: "Mzigo mpya umeingia, ulikuwa wa ofisi, safi kabisa."

Safari hii hakutoka nzi. Picha ilipofunguka macho ya Sabina yalianza kuwasha. Duka lilijaa harufu ya vitunguu vilivyong'olewa karibuni, vyenye tope la mfereji, tope ambalo Sabina alilijua kwa sababu tangu utotoni alikuwa akiliosha miguuni. Mteja mmoja alipiga chafya akahamia nje. Mzee Kimaren alifumba macho na kuendelea kushika kikombe. Sabina aliikuza picha, akatazama pembe moja baada ya nyingine, vipande vyote kumi na viwili. Hapakuwa na alama yoyote. Kwao walikuwa wakulima, na hakuna mtu aliyewahi kuweka alama kwenye kitunguu.

Alipiga simu ya mama yake. Aliyepokea ni Selestina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zile kompyuta za shuleni zipo?"

"Zimechukuliwa Alhamisi. Zilikuwa na virusi. Wamesema Jumatatu zinarudi."

"Namba zake za nyuma kuna mtu aliziandika?"

"Namba gani, mama?"

Kule upande wa pili kuku walikuwa wakilia, na mama yake alikuwa akiuliza nani anapiga.

"Mama, unalia?"

"Hapana, mwanangu. Ni vitunguu."

Alipokata simu alikuta ujumbe wa muuzaji: "Dada angu nikuwekee ngapi?" Mzee Kimaren alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi. Sabina akaketi. Wakakaa hivyo, wote wawili wakipangusa macho, mpaka harufu ikapungua.

Saa kumi na moja ilipofika kasha liligeuka kaskazini na kuanza kuvuta. Mzee Kimaren alimtazama Sabina. Sabina aliinuka, akainama chini ya meza, akashika fundo la kamba na kuliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa limekaza vizuri. Akarudi kwenye kiti na kuendelea kuchapa mtihani wa kompyuta wa kidato cha tatu, swali la nane, linalomtaka mwanafunzi aeleze kazi ya RAM.