Kikombe Kikubwa Kuliko Vyote

Kikombe changu katika nyumba ya wakwe zangu kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Kilikuwa cha bati, cheupe, na ukingo wake wa buluu ulikuwa umebanduka rangi upande mmoja. Kila asubuhi mama mkwe alinikabidhi kwa mikono miwili, kimejaa pomoni, maziwa ya moto yenye utando juu.

"Kunywa, mwanangu. Haya hayajakutana na maji hata kwa salamu."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la ng'ombe wawili, na yeye mwenyewe ndiye aliyewakamua, akachuja maziwa kwa kitambaa alichokichemsha kila siku. Kabla jua halijapanda, watu walikuwa wamepanga foleni getini na chupa zao. Kwa maziwa hayo, baada ya kufiwa na mumewe, aliwasomesha watoto wake wawili: mume wangu, fundi umeme, na wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ndani ya kikombe kile mlikuwa na ada za shule, paa juu ya vichwa vyetu na heshima yake mtaani. Nani angethubutu kusema hapana?

Mimi sikuthubutu. Mimi ni mtu ambaye akikanyagwa mguu, ndiye anayeomba radhi. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, nikafuta mdomo, nikasema, "Asante, mama." Kisha nikasubiri.

Sikuwahi kusubiri sana. Kwanza tumbo lilinguruma, kama mtu anaburuta kabati chumba cha pili. Kisha likajaa hewa mpaka kifungo cha sketi kikaanza kuomba msaada. Halafu kichefuchefu, halafu mbio.

Ninachora ramani za nyumba katika ofisi ya msanifu majengo. Choo cha ofisi kiko mwisho wa korido, na ufunguo wake umefungwa kwenye rula ya mbao ili usipotee. Rula imetundikwa nyuma ya kiti cha bosi. Kila nilipobanwa, ilinibidi nimpitie bosi, nikohoe kidogo, ninyooshe mkono juu ya kichwa chake.

"Tena?" aliniuliza asubuhi moja, bila hata kuinua macho.

Wenzangu walicheka. Nilitembea na ile rula korido nzima kama mwanafunzi anayepeleka fimbo ya kuchapiwa. Siku hiyo nilikuwa nachora choo cha wageni cha tajiri mmoja, na kwa hasira nikakiwekea milango miwili.

Mume wangu alijua. Tangu tukiwa wachumba alijua, maana kila tulipokwenda kunywa chai niliagiza ya rangi, na nilimweleza kwa nini, nikiwa nimeinamia meza kwa aibu. Nilimwambia, "Nisaidie. Mwambie mama yako."

"Nimwambieje? Utamvunja moyo."

"Mwambie tumbo langu halipatani na maziwa. Basi."

"Jikaze kidogo. Tumbo litazoea tu."

Yeye alichukua kikombe chake akaenda nacho uani, kama kawaida yake. Alisema alipenda kupata hewa kabla ya kwenda kazini. Meneja, mbwa wa nyumba, alimfuata akitikisa mkia. Meneja alikuwa mbwa mnene wa ajabu, manyoya yanang'aa kama kapakwa mafuta, anatembea taratibu kama mwenye nyumba.

Siku moja mama mkwe alinisikia nikitapika bafuni. Nilipotoka, alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi, uso wake umechanua. Nyuma yake wifi alikuwa akiitazama pini niliyofungia sketi.

"Injinia," wifi alisema. Hilo ndilo jina alilonipa tangu aliposikia kwamba nimesoma chuo. "Hiyo sketi inalia, au masikio yangu?"

"Mama, hapana," nilisema. "Ni yale ma—"

"Shh!" Mama mkwe aliniwekea kidole mdomoni. "Usiseme. Mambo haya hayatangazwi mapema."

Kesho yake asubuhi foleni yote ya maziwa ilinipongeza.

Tangu siku hiyo kikombe kikawa viwili, asubuhi na jioni. "Sasa mnakunywa wawili," alisema mama mkwe. Nilivyozidi kunywa, ndivyo nilivyozidi kuvimba na kutapika. Nilivyozidi kutapika, ndivyo alivyozidi kufurahi na kumimina. Jioni moja alifungua sanduku lake akatoa kijiblanketi cha manjano cha sufu, kimefumwa kwa mkono, kona moja imelegea nyuzi. "Hiki ndicho nilichomfunikia mumeo," alisema. Alikinusa. Mimi nilikwenda chumbani nikalia, halafu nikakasirika kwa kulia.

Nilikwenda zahanati peke yangu. Sikuwa na mimba. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliniuliza ninakula nini, nikamweleza. Alicheka kidogo kwa huruma.

"Kwenu mlikuwa mnakunywa maziwa?"

"Chai ya rangi."

"Yaache siku chache, kisha uone."

Nilimuuliza kama maziwa ya ng'ombe ni mabaya kwa binadamu, maana ofisini kuna mwenzetu anayesema ni ya ndama tu.

"Nani kakwambia ni mabaya? Yana chakula kingi, yanajenga mifupa. Lakini yana sukari yake. Tukiwa wachanga tunaimeng'enya vizuri. Tukikua, wengi wetu uwezo huo unapungua. Wengine wanabaki nao mpaka uzeeni. Huyo mama mkwe wako, kwa mfano, anakunywa na wala hasikii kitu, sivyo? Basi kwake ni dawa. Kwako ni ugomvi. Wewe kula maharage, mboga za majani, samaki wadogo na mifupa yao. Mtindi kidogo, wengine unawakubali. Huna ugonjwa, binti. Una tumbo lako tu."

Nilikwenda kukaa kwa mama yangu mzazi kwa siku chache, nikanywa chai ya rangi. Tumbo likatulia kama maji ya mtungini. Rula ya choo ikapumzika ukutani, na bosi akaniuliza kama naumwa.

Niliporudi, nilimweleza mume wangu kila kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akawa anazungusha bisibisi mikononi.

"Tusiwaambie kwanza," alisema.

"Tusiwaambie nini?"

"Kwamba hakuna mimba. Mama amefurahi mno. Jumapili anawaalika shangazi na majirani. Huenda Mungu akatujalia mwezi huuhuu, na hesabu zikalingana tu."

Nilimtazama kama ninavyotazama nyumba iliyochorwa bila msingi. "Kwa hiyo niendelee kunywa?"

"Kidogo kidogo. Kwa ajili ya amani."

Amani ya nani? Sikulisema swali hilo.

Jumapili asubuhi nilikuwa bafuni nikipiga mswaki. Dirisha lake linatazama uani. Mume wangu alitoka na kikombe chake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. Maziwa yote akayamimina kwenye bakuli la Meneja. Meneja hakushangaa hata kidogo. Alikuja bila haraka, kama mtu anayekuja kwenye meza yake ya siku zote. Kisha mume wangu akafuta mdomo kwa kiganja. Mdomo mkavu, haujagusa kitu, akaufuta!

Nilitoka na mswaki mdomoni, povu kidevuni.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Aliruka. "Punguza sauti."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni," alinong'ona. "Tumbo langu nalo... ni kama lako. Naelewa unavyoumia."

Pengine alidhani neno hilo lingenipoza. Naelewa! Ningemsamehe kwa kutojua. Wengi hawajui. Lakini yeye aliyajua maumivu yale yanavyoanza na yanavyoishia, akajitafutia mbwa, na mimi akaniambia nijikaze.

"Usiseme leo, tafadhali," alisema. "Wageni wanakuja."

Wageni walikuja. Shangazi yake alikalia kochi karibu lote peke yake. Majirani watatu walijibana kwenye lingine, wifi akakaa mkekani akimenya machungwa. Mama mkwe alinikalisha kwenye kiti chenye mto, akanitandikia kile kijiblanketi cha manjano magotini. Kisha akaja na kikombe kikubwa, kwa mikono miwili, wote wakitazama.

Nilifunika kikombe kwa kiganja. Mvuke uliniunguza, sikukitoa.

"Sinywi, mama."

"Ehe!" wifi alisema. "Injinia ameanza kuchagua."

"Mabinti wa siku hizi," shangazi akadakia. "Mimba yenyewe ndiyo kwanza imetunga, maringo yameshazaliwa! Kunywa, mama. Maziwa ndiyo nguvu ya mtoto."

"Hakuna mtoto, shangazi."

Chungwa lilibaki mkononi mwa wifi na ganda lake linaning'inia.

"Nimepima zahanati. Sina mimba, na sijawahi kuwa nayo. Kinachonitapisha na kunivimbisha ni maziwa. Nilipoyaacha, nilipona."

Mama mkwe alibaki na kikombe mikononi. "Maziwa yangu yana nini?"

"Hayana kitu, mama. Ni masafi, na mtaa mzima unajua. Ni tumbo langu haliyawezi."

"Haliyawezi!" shangazi alipiga paja. "Maziwa yaliyomlea mumeo leo yamekuwa sumu? Hebu tazama lile pande la mtu! Sema, baba, mkeo ana nini?"

Wote waligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amesimama karibu na mlango. Nami nilimtazama, na nakiri kwamba hata pale bado nilimwachia nafasi. Nilimwomba kwa macho. Alihitaji kusema maneno mawili tu.

Alijikuna shingo. "Hata mimi simwelewi siku hizi," alisema.

Kuna hasira inayopiga kelele. Yangu ilinyamaza kimya na ikaninyoosha mgongo. Nilisimama, nikakikunja kijiblanketi nikakiweka kitini, nikakipokea kikombe kutoka kwa mama mkwe, nikavuka chumba na kukiweka mkononi mwa mume wangu.

"Basi kunywa wewe."

"Acha utoto," alinong'ona.

"Kunywa hapa, mbele ya mama. Usiende uani. Meneja leo ameshakunywa."

Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Meneja amekunywa nini?" Alikinyooshea kikombe kidole. "Kunywa, baba," akamwambia mwanawe, polepole. "Kunywa nikuone."

Alikipeleka kikombe mdomoni. Kisha akakishusha.

"Mama, siwezi."

"Tangu lini huwezi?"

"Tangu darasa la nne."

Wifi alipasuka kicheko. "Ndiyo maana yule mbwa ana mashavu!" Alipoona yuko peke yake, akalirudia chungwa lake.

Mama mkwe alikaa chini, pale juu ya kijiblanketi, bila kukiona. "Naamka gizani," alisema. "Mikono inaniuma, naamka. Kabla ya mteja, kikombe cha mwanangu. Miaka yote hiyo, kumbe nakamulia mbwa."

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Ungesema, ningekupikia chai ya rangi! Ningeshindwa nini? Sina majani? Sina maji?" Sasa alikuwa anapaza sauti. "Na huyu binti wa watu umemtazama anatapika, ukanyamaza! Mimi nimemtangaza kwa watu, nimefungua sanduku langu, wewe unajua, umenyamaza! Mimi nimekulea uwe hivi?"

Shangazi aligundua ghafla kwamba jua linazama, ingawa lilikuwa la mchana. Majirani walimfuata.

Nilitamani kwenda kumshika mama mkwe mkono. Nilitamani pia kumwagia mtu maziwa kichwani. Sikufanya lolote kati ya hayo. Alipoinuka, nilikichukua kijiblanketi, nikakikung'uta, nikampa. Alikirudisha sandukuni.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kikombe changu kikubwa mezani, kimejaa pomoni. Chai ya rangi. Mama mkwe alisimama pembeni, ndoo ya maziwa mkononi, akisubiri nionje.

"Sukari inatosha?"

"Inatosha, mama."

Hakwenda. "Na mtindi, je?" aliuliza.

"Muuguzi alisema kidogo huenda usinisumbue. Nitajaribu."

"Usijaribu kwa ajili yangu," alisema kwa ukali. "Na ukikuuma, useme siku hiyohiyo. Kwa mdomo. Nyumba hii imechoka na watu wa kunyamaza."

Mume wangu aliingia, akatazama meza. Hapakuwa na kikombe chake. "Na mimi?"

"Birika lile pale. Mikono unayo," mama yake alimjibu, akatoka na ndoo kwenda getini.

Alijimiminia chai akaja nayo mpaka mlangoni, ambako nilikuwa navaa viatu. Foleni ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, watu na chupa zao, masikio yote yameelekea kwetu. Aliinama karibu yangu, akanong'ona kama kawaida yake.

"Bado umekasirika?"

"Bado," nilimjibu, kwa sauti ambayo hata mtu wa mwisho kwenye foleni aliisikia.