Gundi Ilikuwa Bado Inang'aa

Pancha ndiye aliyelia kwanza. Mtu mzima, fundi wa matairi, mikono imeota sugu, anafuta machozi kwa tambara la grisi na kudai ni vumbi. Vumbi gani ndani ya karakana iliyofungwa madirisha? Tulimwacha, maana dobi wa mlango wa pili naye alikuwa ameshaanza kupenga kamasi.

Kipindi chetu kilikuwa kimekwisha. Si cha Jumamosi hiyo tu, kipindi chote, misimu sita. Kiliitwa Karakana ya Mzee, na kilikuwa cha familia moja ya kweli iliyokuwa ikiunda pikipiki kuanzia bomba tupu. Alikuwepo Mzee mwenyewe, fundi hodari mwenye mdomo mchafu. Alikuwepo mwanawe Mkubwa, mshona siti, na Mdogo, aliyepaka rangi na kuchekesha watu. Kila Jumamosi saa kumi waliunda pikipiki na kugombana, na sisi tulikusanyika kwangu kuwatazama, kila mtu na kiti chake, kwa kuwa runinga ilikaa juu ya kabati langu la sponji. Tusidanganyane, tulikuja kwa ajili ya ugomvi. Pikipiki tunaziona kutwa.

Kazi yangu ni siti za pikipiki. Binti yangu anafanya kazi nami tangu amalize shule, mwaka wa nane sasa. Wiki hiyo alikuwa ameniambia kwamba karakana kubwa ya viti vya magari, upande wa pili wa mji, inamtaka, na anatakiwa awajibu kufikia Jumatatu. Nilimwambia "Tutaona," nikaendelea na kazi utadhani nimesikia habari za hali ya hewa. Sikutaka aende, na sikujua nimwambieje abaki.

Basi kwenye kipindi hicho cha mwisho Mzee alionekana akifagia karakana peke yake. Mkubwa alikuwa ameondoka. Mtangazaji alimfuata alikokwenda, akamkuta anaendesha gari la kusambaza mikate, akamuuliza kama atarudi kwa baba yake. Mkubwa akatikisa kichwa.

"Maneno ya baba nimeyazoea," alisema. "Baba ataniita punguani asubuhi, mchana tunakula sahani moja. Lakini kuna yule fundi aliyeandika. Mtu anayeijua kazi. Nikajiuliza, kama hata yeye ameona, basi labda ni kweli. Tangu hapo nikishika kisu mkono unatetemeka. Sijakata sponji tena."

Maandishi yakapanda, muziki ukapigwa, kikaisha.

Yule fundi ni mimi.

Ilikuwa msimu huo huo wa sita. Siti moja waliyoitengeneza ilibanduka njiani, mteja akaanguka akachubuka magoti. Mzee alimkoromea Mkubwa mbele ya kamera kwamba amekata sponji vibaya, na wenye kipindi wakaomba mafundi wanaotazama watoe maoni. Nikatuma ujumbe: "Mimi ni fundi wa siti kwa miaka ishirini na sita. Kosa ni la Mkubwa. Ana mkono mzito. Asiachiwe kisu." Jumamosi iliyofuata ukasomwa wote, neno kwa neno. Nilivimba kichwa! Pancha aliipiga picha runinga kwa simu yake, mimi nikaenda kuichapisha, nikaibandika ukutani juu ya cherehani ya binti yangu ili kila mteja anayeingia aione.

"Wa kulaumiwa ni Mzee," Pancha alisema sasa, amekunja tambara lake. "Mdomo gani ule?"

"Mzee kafanya nini?" dobi akamrukia. "Wa kulaumiwa ni hao wa runinga. Watu wana ugomvi wao wa nyumbani, nyie mnawawekea kamera!"

"Na wewe si ulituma kwamba Mdogo ni kupe?"

"Mimi nilikuwa natania."

"Haya, na mimi nilituma 'Mzee, mtimue huyo.'" Pancha akainamisha kichwa. "Mara mbili. Nikaweka na vile vikatuni vya kucheka."

Halafu, kwa kutafuta pa kupumulia, wote wawili waliitazama ile picha ukutani.

"Afadhali wewe, fundi," dobi akasema. "Sisi tulikuwa tunapayuka tu. Wewe ulisema kitaalamu."

"Kabisa," Pancha akasema. "Wewe huna kosa. Ukweli ni ukweli."

Hapo maji yalinifika shingoni. Laiti wangenitukana ningeweza kujitetea.

Gundi ya siti ina utaratibu wake. Unaipaka pande mbili, kwenye sponji na kwenye kibao cha chini, halafu unangoja. Ikiwa inang'aa, bado. Ikishafifia unaigusa kwa mgongo wa kidole, na isipokunata ndipo unabandika. Ukiharakisha, leo itashika, kesho kutwa ikipata jua na mashimo ya barabarani inaachia. Na siku ile kamera ilionyesha kila kitu. Mkubwa alisema "Bado, baba." Wapiga picha walikuwa na haraka, Mzee akamnyang'anya sponji akaibandika mwenyewe, gundi inang'aa vile vile. Niliona. Binti yangu naye aliona, akasema nyuma yangu, "Baba, ile gundi si bado?" Nikamwambia ashone.

Nilimnyamazisha kwa sababu maneno hayo alikuwa ameshaniambia mimi. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nabandika siti ya mteja mmoja, mteja mwenyewe amesimama pale, binti yangu akasema taratibu, "Baba, bado inang'aa." Nilimjibu kwamba nilianza kubandika siti kabla mama yake hajamzaa. Mteja akacheka sana. Siti ikarudi Ijumaa, imebanduka. Nikamwambia mteja sponji ilikatwa vibaya, na sponji alikuwa ameikata binti yangu. Kesho yake ndiyo ikawa Jumamosi ya ujumbe wangu. Kumtetea Mkubwa kungekuwa kujihukumu mwenyewe, ndani ya karakana yangu, mbele ya mwanangu. Sikuwa na ubavu huo. Nikamtwika kosa mtu nisiyemjua.

"Nilidanganya," nikasema.

Pancha akanigeukia. "Ulidanganya nini?"

Nikawaeleza. Habari ya Mzee na gundi, kisha habari ya siti yangu, mpaka ile niliyomsingizia binti yangu. Nyuma yangu, kwenye cherehani, binti yangu alikuwa ameacha kushona.

"Kwa hiyo yule kijana hakukosa kitu?" dobi akauliza.

"Hakukosa."

"Na sasa anasambaza mikate."

"Nimeona."

Hakuna aliyeniambia pole, wala sikuistahili. Dobi alisema ameacha pasi kwenye moto. Pancha alikunja kiti chake. Akatoka.

Nikapanda juu ya kigoda ili niitoe ile picha ukutani.

"Usihangaike, baba," binti yangu akasema. "Nimeshaizoea."

"Niiache ya nini, mama? Ni uongo."

"Najua ni uongo. Nilikuwa hapa." Alikuwa akizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, mbele na nyuma. "Nilijua tangu siku ile kwamba humwandikii Mkubwa. Ulikuwa unaniandikia mimi."

Nilitaka kukataa. Ndipo nilipokumbuka kisu cha sponji. Ni lini mara ya mwisho nilimwona amekishika? Tangu nibandike picha ile nilikuwa nakata kila kitu mimi. Nilidhani amekuwa mvivu. Nilimtania hata mbele ya wateja, nikimwita malkia wa cherehani, naye alitabasamu akaendelea kushona. Miezi saba nilimkalisha chini ya maneno yangu, na mimi napita kutwa hapo hapo.

"Kule kwenye magari walinijaribu," akasema. "Wakanipa kisu. Nilikata kipande cha kwanza, mikono inatoka jasho. Wakakitazama. Nikasubiri waseme. Wakaniambia tu, haya, kingine."

Aliposema "kingine" sauti yake ilitetemeka kwa furaha, na furaha hiyo iliniuma kuliko kama angenipigia kelele.

"Na Jumatatu utawajibu nini?"

"Nimeshawajibu, baba. Jana. Jumatatu naanza."

Jumapili nilikaa na simu nikaandika tena kwa wale wa kipindi, kwa namba ile ile. "Mimi ni yule fundi wa siti. Mwambieni Mkubwa kosa halikuwa lake. Gundi ilikuwa inang'aa, niliiona. Mkono wake ni mzuri." Jibu lilikuja papo hapo. "Kipindi hiki kimefikia tamati. Asante kwa kutazama." Nikatuma mara ya pili, likaja lile lile.

Jumatatu asubuhi binti yangu alipita kuchukua mkasi wake, mkoba tayari begani. Mimi nilikuwa nimepaka gundi kwenye sponji na kwenye kibao, nimeviweka mezani mbele yangu.

"Mama," nikamwita, "hebu nitazamie. Tayari?"

Aliniangalia kwanza usoni. Kisha akainama, akaitazama gundi kwa upande, kwenye mwanga wa mlangoni.

"Bado."

Nikaweka mikono yangu nyuma. Tulisimama pale, yeye na mkoba wake, mimi na haraka yangu yote nimeifumbata. Nje Pancha alikuwa akijaza upepo tairi la mtu. Binti yangu akanyoosha mkono, akaigusa gundi kwa mgongo wa kidole.

"Sasa," akasema.

Nikabandika. Nilipoinua kichwa, mkasi haukuwepo kwenye msumari wake, na yeye alikuwa ameshavuka barabara.