Njia Isiyopoteza Mtu

Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye cherehani, mshonaji alijaza upepo magurudumu ya baiskeli ya mumewe, akamfunga kamba za viatu, akamvika kofia, kisha akamsukuma kidogo mgongoni. Mzee akaondoka. Hakuuliza aelekee wapi, na hapakuwa na haja, maana barabara ilikuwa moja tu. Ilianzia mbele ya mlango wao, ikaingia msituni, ikalizunguka ziwa zima, ikamrudisha mtu palepale alipoanzia.

Zamani ilikuwa barabara ya malori ya magogo. Magogo yalipokwisha, wakubwa wakasimika nguzo za zege ili gari lolote lisipite, wakaiita njia ya baiskeli. Watu wa mjini wakaanza kuja na kaptura zao za kubana, zile zinazomfanya mwanamume mzima aonekane kama soseji, na kaptura hizo zilipopasuka mahali pa aibu, mshonaji ndiye aliyezitia viraka. Hakuwacheka mbele yao. Aliwacheka wakishaondoka.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, tena fundi kweli kweli. Sasa kichwa kilikuwa kimemwacha. Hakujua mwaka, hakujua kama amekula au bado, na mkewe wa miaka yote hiyo alimwita "mama" kwa adabu, kama mteja aliyeleta pancha. Lakini miguu yake haikusahau kitu. Ukimweka juu ya baiskeli alikuwa mtu mzima tena, na kwenye barabara isiyo na magari wala njia panda, hata asiyejijua hawezi kupotea.

Lilikuwepo jambo jingine ambalo mshonaji hakumwambia mtu, kwa kuogopa kwamba likisemwa litaharibika. Mzee akimaliza mzunguko, akitokea kwenye kona ya mwisho na kuiona nyumba, alimtambua.

"Sindano!" aliita, jina alilompa wakiwa wachumba. "Nimerudi! Leo umeshona nini?"

Hapo waliketi barazani, wakapiga soga, wakasengenya watu waliokwisha kufa zamani, mpaka jasho lake likauke. Jasho likishakauka macho yake yalianza kumpita, na mkewe akarudi kuwa mama mteja. Kipande hicho kidogo cha siku ndicho kilichobaki cha ndoa yao. Mwingine angeona hakitoshi, lakini yeye aliishi kwa hicho.

Balaa lililetwa na mwana wao, tena kwa nia njema kabisa. Alikuwa anafanya kazi idara ya barabara huko mjini. Jumamosi moja alikuja anatabasamu mpaka masikioni.

"Mama, leo natoboa siri. Tumeunganisha maziwa yote matatu! Njia sasa inakata kulia kule karibu na mwisho wa mzunguko, inaingia msitu wa pili, inafika ziwa la pili mpaka la tatu. Gari hata moja halipiti. Nimeipigania kwa ajili ya Baba, ujue. Kila siku kuzunguka ziwa hilohilo, si atachoka? Sasa nimemfungulia dunia."

Mshonaji aliweka mkasi chini. "Kwa hiyo pana njia panda?"

"Moja tu. Tumechora mishale mikubwa, hata kipofu ataiona."

"Ifunge."

Mwana akacheka, akidhani ni utani. Kisha akamtazama mama yake usoni, akaacha.

"Baba yako mishale hiyo haimwambii kitu," mama alisema. "Hata wewe hakujui. Ile siku umepiga simu, ulidhani mnaongea? Alikuambia uje Jumanne, gurudumu lako litakuwa tayari."

"Nilidhani ananitania."

"Alidhani wewe mteja."

 Mwana alivuta kiti, akakaa. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Ungekuja umchukue, umfungie kwenye chumba huko ghorofani. Hapa alikuwa anapotea kila siku na anarudi kila siku. Nani angejua?"

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na alilijua akiwa bado analisema. Barabara ilimfichia mumewe ugonjwa, na yeye akaisaidia kuuficha, mpaka mtoto wao akatumia nguvu zake zote kuiharibu kwa upendo.

Mwana alitoka uani, akampigia bosi wake. Aliongea kwa muda mrefu akipiga teke changarawe. Aliporudi alitikisa kichwa. Utepe wa uzinduzi ulikuwa umeshakatwa mchana ule, wapanda baiskeli wamejaa, na barabara ya watu wote haifungwi kwa ajili ya mzee mmoja.

Kesho yake alijaribu kumsindikiza baba yake. Walifika nusu ya ziwa, mzee akashuka, akamkabili. "Kijana, mbona unanifuata? Nimekuibia nini?" Walirudi pamoja, lakini mzee alifika amenuna, na mgeni yuko ubavuni mwake, akampita mkewe mlangoni bila hata salamu.

Ikabidi watafute njia nyingine. Mtu asimame penye njia panda na kumwonyesha mzee mkono wa kushoto, basi. Mzee alipenda kuonyeshwa njia na mtu mwenye heshima zake. Lakini mwana alikuwa na kazi mjini, na majirani walisaidia siku chache, kisha kila mmoja akakumbuka shughuli zake. Akabaki mshonaji na nyonga yake mbovu. Alichukua kigoda na fimbo, akajikongoja kwa kuingilia upande ambao mzee hurudia, akaketi chini ya mishale ya mwanawe.

Mzee alikuja anateleza kwenye kivuli, mgongo umenyooka, mzuri kama siku walipokutana. Mshonaji akanyoosha mkono kushoto. Mzee akainua kofia.

"Asante, mama," akasema, akapita.

Kutoka pale hadi nyumbani, kwa baiskeli ni mara moja tu. Kwa nyonga ile ilikuwa safari. Alipofika, mzee alikuwa ameketi barazani, shati limekauka. "Karibu, mama," alimwambia. "Mshonaji ametoka kidogo. Msubiri, atakuja."

Ikawa hivyo kila siku. Akikaa njia panda, mumewe alirudi salama kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwita. Akikaa nyumbani, hakukuwa na wa kumrudisha. Siku ya kwanza alijikaza. Siku zilizofuata alijikaza pia, lakini barazani alianza kukuta kikombe cha pili kimewekwa tayari, mzee amemwandalia Sindano wake, na yeye Sindano hakuthubutu kukigusa.

Asubuhi moja alimsukuma mgongoni kama kawaida. Akachukua kigoda. Akasimama nacho mlangoni muda mrefu. Kisha akakirudisha ndani, akaketi kwenye cherehani, akajisemea kwamba mzee amepita pale kushoto mara nyingi sasa, mwili wake utakuwa umeshajua. Hakuliamini hilo hata kidogo. Alitaka kuitwa jina lake, mara moja tu.

Alishona suruali moja, huo ndio muda wa mzunguko mmoja. Akashona ya pili, mshono ukaenda segemnege. Akiwa kwenye ya tatu aliacha kujidanganya, akatoka nje anapiga kelele kuita watu.

Walinzi wa msitu walimpata mzee jua linazama, kwenye matete ya ziwa la pili. Maji yalimfika kifuani. Baiskeli alikuwa ameibeba begani isilowe, na aliwaambia kwamba anatafuta kona. Ikitokea kona tu, alisema, nyumba inaonekana. Walimleta kwa gari la doria kupitia barabara kuu ya magari iliyopita nyuma ya nyumba, akashushwa hukohuko nyuma, anatetemeka. Aliitazama nyumba yake mwenyewe, akauliza kama wenye hapa ni watu wema.

Mwana alikuja usiku uleule. Alitaka kuifungua baiskeli yeye, isiendeshwe tena, lakini mama yake akamnyang'anya spana. Alitoa mnyororo, akatoa pedali. Hakulia. Alilia baadaye, peke yake, akiwa anaanua shati la mzee lililokauka.

Basi mzee akabaki barazani. Mwanzoni mshonaji alijaribu kumtoa jasho kwa njia nyingine. Alimpa kuni apasue, akampandisha na kumteremsha ngazi. Jasho lilitoka, likakauka, na hakuna kilichotokea isipokuwa mzee kuchoka. Hapo akaelewa kwamba jasho halikuwa na lolote. Mumewe alikuwa akimjua kwa kumfikia tu kutoka safarini, na sasa hakuwa na pa kutokea.

Siku moja alikuwa anapita na mzigo wa nguo za wateja begani, mzee akamwashiria.

"Samahani, mama. Naomba nikutume."

"Nitume tu."

"Njia imefungwa, na mimi nimekwama huku. Ukipita kwangu, mwambie mke wangu nakuja. Asile peke yake."

Mshonaji alihamishia mzigo bega la pili. "Nitamjuaje?"

Mzee akatabasamu, uso wote ukang'aa. "Huwezi kumkosa. Anashona. Yuko mlangoni, anaangalia barabara."

"Haya. Nitamwambia."

Lakini akabaki amesimama palepale na mzigo wake. Mzee akamtazama, akaanza kukosa raha.

"Basi nenda, mama," akasema. "Atakuwa na wasiwasi."