Bwana Yuko Niamey

Lomé mchoraji hachagui jina la kitenge chake. Jina hutolewa na wanawake wa soko kuu, na kitenge kisichopata jina hukaa rafuni mpaka panya wakionee huruma. Ndiyo maana Mablé hakulala vizuri wiki nzima. Kiwanda kilikuwa kimemwambia waziwazi: katika michoro yako sita tumechapa mmoja, robota chache za kujaribu. Ukipewa jina, tunachapa yote. Usipopewa, urudi kuchora mifuko ya sabuni.

Huo mmoja aliupeleka sokoni; aliupenda kuliko yote, maana ulikuwa utoto wake mtupu. Kinu cha fufu kimefunikwa kwa kibuyu, mchi umeegemezwa kushoto kwa mlango, na maandazi ya mviringo yametapakaa kote, manjano juu ya buluu. Baba yake alikuwa dereva wa lori la Niamey, huko Niger. Akirudi, aliwaletea dada zake wawili shanga, na yeye penseli za rangi. Akiwa safarini, kuna siku mama alikifunika kinu. Siku hizo hakukutwangwa kitu. Mablé alipewa sarafu ya maandazi akacheze kwa shangazi yake mpaka alasiri. Mtoto gani asingezipenda?

Mama Ablavi, aliyekuwa jirani yao zamani na sasa ndiye mwenye kauli ya mwisho pale sokoni, alikitandaza kitambaa mezani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wee binti, mama yako amekiona hiki?"

"Bado, Mama. Nataka kumshtukiza."

"Basi utamshtukiza kweli!"

Akawaita wenzake wawili, nao wa mtaa ule wa zamani. Wakainama, na mmoja akajipiga paja, akacheka mpaka kilemba kikamvuka. "Jamani! Kinu cha mama yako, cha Mama Dédé! Bwana yuko Niamey!"

"Jina ndilo hilo," Mama Ablavi akakata shauri. "Bwana Yuko Niamey. Waambie kiwandani wachape mpaka mashine zitoe moshi."

Mablé alicheka nao. Amepata jina! Kisha akauliza, kwa furaha ya mjinga, "Lakini kinu na Niamey vinahusianaje?"

Kicheko kikakatika. Wale wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana wateja.

"Mwanangu," Mama Ablavi akasema, "ulidhani kinu kilifunikwa kwa sababu ya nzi? Ile ilikuwa ishara ya Folivi, yule mchora vibao vya vinyozi. Kinu kikiwa wazi, anapita zake. Kikifunikwa, anaingia. Mtaa mzima tulijua. Nilidhani nawe unajua, umeamua kumtania mama yako."

Mablé akakaa juu ya robota. Mchora vibao. Akaitazama mikono yake, yenye buluu chini ya kucha. Kwao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuchora hata kuku.

"Mama Ablavi, mimi ni mtoto wa nani?"

"Usiniulize mimi. Mimi nilikuwa nje, nikiuza sabuni."

"Basi badilisha jina, nakupigia magoti. Baba yu hai! Kutwa yuko barazani, kila apitaye anaongea naye. Akilisikia, atamfukuza mama."

"Jina wameshalicheka watu, si langu tena. Maji yakimwagika hayazoleki."

Siku tatu Mablé alijifungia chumbani kwake, simu ya kiwanda ikilia. Walitaka michoro yote mitano iliyobaki, na haraka. Lile alilolililia miaka yote sasa hakutaka hata kulisikia. Siku ya nne alijikaza, akaenda kwao kumwonya mama kabla habari hazijamfikia mzee.

Alichelewa. Baba yake alikuwa barazani, na mapajani ana yadi sita za manjano na buluu.

"Kumbe ni kazi yako hii!" mzee akasema. "Nimemnunulia mama yako."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, uso umemsawijika.

"Baba, jina lake..."

"Nimeambiwa." Mzee akapitisha kidole juu ya kinu, juu ya kibuyu, polepole. "Kizuri sana. Ila umekosea mahali pamoja. Mchi ulikuwa kulia kwa mlango. Nilikuwa nikiuona vizuri kutoka pale konani, penye gereji."

Bakuli likamponyoka mama, likapasuka. Hakuna aliyelitazama. Mablé akageuka kutazama konani. Gereji ile ilikuwa hatua hamsini tu kutoka mlango wao.

"Ulikuwa... ulikuwa unarudi?"

"Mara nyingi. Nikiona kibuyu, nilikaa gerejini mpaka alasiri, kisha nikapiga honi na kuingia."

"Na hukusema neno? Miaka yote hiyo?"

"Ningesema, ingenibidi niondoke. Na nilikuwa na mabinti watatu."

Mama alianza kulia, bila sauti, mkono mdomoni. Mablé akanong'ona: "Wawili, Baba. Si wawili?"

"Watatu," mzee akasema kwa ukali, akikikunja kile kitambaa vizuri na kumpa ampe mama yake. "Dada zako niliwaletea shanga. Kwani zile penseli za rangi, wewe peke yako, ulidhani nilibahatisha?"