Kitambaa cha Koti Lake

Mkasi ulitoka nje ya mstari wa chaki, ukapanda, ukakata moja kwa moja mahali ambapo pangekuwa kifua. Mume wangu hakuacha. Mkono wake ulikuwa umeshaanza, na kuuzuia kulimshinda.

Tulikuwa mafundi wawili katika chumba kimoja, yeye wa kukata, mimi wa kushona. Watu walimwita Jicho, kwa sababu hakuhitaji utepe wa kupimia. Mteja akiingia tu mlangoni, yeye ameshaona bega lililoshuka na tumbo linaloanza kuchungulia. “Huyu mwachie nafasi ya chakula cha jioni,” ananinong'oneza, nami nabana kicheko pamoja na pini zangu mdomoni.

Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Daktari alisema mkono ufanyishwe mazoezi kidogo kidogo. Hiyo “kidogo kidogo” mimi sikuisikia. Kila asubuhi, kabla hajamaliza chai, nilimwekea kitambaa chakavu chenye mstari wa chaki. Nikauviringishia mkasi matambara kwenye mpini ili vidole vishike. Akikosea nasema, “Tena.” Chai yake ilipoa, na yangu pia. Binti yetu alipokuja kutuona akaniambia, “Mama, mwache baba apumzike.” Nikamjibu kwamba atapumzika akishapona. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na hofu, na kila nikitulia ilinirudia.

Siku ile, alasiri, nikapata wazo ambalo angelipata fundi wa nguo tu. Nikajiambia, mkono huu unazembea kwa kuwa unapewa matambara. Mkataji wa kweli huamka akiona kitambaa cha maana. Nikatoa kabatini kile cha sufu ya kijivu, alichojiwekea miaka na miaka ajishonee koti siku kazi za watu zitakapopungua. Hazikupungua kamwe. Nikakitandaza mezani, nikachora. Alikitazama, akatikisa kichwa.

“Kata,” nikasema. “Hiki huwezi kukiharibu.”

Akakiharibu.

Mkasi uliposimama, uso wake ulikuwa umelowa. Aliufuta haraka kwa bega, kama mtu aliyezoea, ndipo nikajua. Kila asubuhi alikuwa akilia, na macho yangu yalikuwa kwenye chaki.

“Mke wangu.” Maneno yalimtoka moja moja. “Yule harudi.”

“Nani?”

“Yule unayemtafuta. Harudi. Mimi nipo hapa.”

Nilitaka kubisha. Nina mdomo, kila mtu anajua. Badala yake nikakaa kwenye benchi la wateja, ambalo sikuwahi kulikalia tangu tufungue. Nikalia kwa sauti, kama aliyeletewa habari ya msiba, maana ndivyo ilivyokuwa. Jicho alikuwa ameshakwenda, na mimi nilikuwa wa mwisho kukubali.

Nilipochoka kulia, nikafungua yale matambara kwenye mpini, nikautundika mkasi msumarini. Sitasema nilifurahi. Ila ile hofu ilikuwa imeniachia, na ndani yangu palikuwa patupu, pametulia, kama chumba kilichohamwa.

Mume wangu aliishi mpaka mvua zilizofuata. Waliokuja kunipa pole walinisifu kwamba nilijitahidi sana. Sikuwaambia kwamba siku zile za mwisho sikujitahidi hata kidogo. Tulikaa tu, tukanywa chai ikiwa moto.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile alasiri yenyewe. Alinifuata pale kwenye benchi akiburuta mguu, akakaa kando yangu. Akaubeba mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mapajani mwangu, kama alivyozoea kuuleta ili niukande na kuunyoosha vidole. Ulikuwa mzito, na ulikuwa na joto. Nikauacha ukae.